Njia Inachungwa, Nyumba Haichungwi



Niliingia New Jersey mwaka 1993 kuja kusoma uhandisi wa mitambo pale Newark, nikakusudia kukaa miaka minne. Sasa imepita 30, watoto wamekua, mimi mwenyewe naitwa mzee kwenye shughuli zetu. Katika miaka yote hiyo kuna jambo moja nisilolitaja hadharani, nalo ni kwamba tangu mwaka 2011 ninamiliki bastola moja na bunduki moja, zote kwa ajili ya kulenga shabaha. Nikilitaja, watu hunyamaza kidogo, kisha mmoja husema, "Mswahili na bunduki, wapi na wapi?"

Wapi? Handeni. Babu yangu alikuwa na gobore la kufukuzia nguruwe na nyani shambani. Lilisimama nyuma ya mlango miaka yote, lakini baruti ilikuwa kwenye kopo la bibi, na bibi alikuwa haambii mtu kopo liko wapi. Babu akitaka kwenda kulinda mahindi ilimbidi aombe. Nitarudi kwa bibi baadaye.

Kilichonifanya nishike kalamu ni harusi. Mwaka jana tulikuwa na harusi yetu karibu na Trenton, ukumbi umejaa, biriani inaanza kutoka. Kijana mmoja wetu, dereva wa lori anayeishi ng'ambo ya mto, upande wa Pennsylvania, akaniita pembeni kwenye maegesho. "Shikamoo mzee. Nasikia wewe unazijua hizi sheria. Mimi nina kitu changu humo ndani ya gari." Kitu chenyewe ni bastola, imo ndani ya dashibodi, ina risasi. Ana leseni halali ya Pennsylvania ya kubeba silaha, akaitoa kwenye pochi kunionyesha, imelaminishwa vizuri kabisa.

Nilimuuliza swali moja tu: "Una uraia, au bado una grini kadi?" Akasema bado ana grini kadi. Miguu ikaniishia nguvu.

Hebu niwaeleze kwa nini, maana wengi wetu tunavuka lile daraja la Mto Delaware kama tunavuka barabara ya mtaani. New Jersey haitambui leseni ya kubeba silaha ya jimbo lingine lolote. Ukivuka na bastola ambayo huna kibali cha New Jersey cha kuibeba, na hukuifunga wala kuisafirisha kwa namna ambayo sheria inaruhusu, tangu mwaka 2008 hilo ni kosa la jinai la daraja la pili, ambalo kifungo chake ni miaka 5 hadi 10. Juu yake ipo sheria inayoitwa Graves Act, ya mwaka 1981. Hiyo ilitungwa kwa ajili ya jambazi, yaani mtu anayebeba au kutumia silaha wakati anafanya uhalifu. Mwaka 2008 wakaiongeza imguse pia mtu aliyekutwa tu na silaha bila kibali, na mwaka 2013 wakaongeza muda wa chini wa kukaa ndani bila msamaha ukawa miezi 42. Mwendesha mashtaka anaweza kuomba apunguziwe. Anaweza, si lazima.

Msidhani ni hadithi za kutishia watoto. Mwezi Oktoba mwaka 2013 mama mmoja wa Philadelphia, Shaneen Allen, mwenye watoto wawili, alisimamishwa na polisi katika barabara kuu ya kwenda Atlantic City. Yeye mwenyewe alimwambia askari kuwa ana bastola na ana leseni ya Pennsylvania. Ukweli wake ndio uliomtia mashakani: akashtakiwa, akawa anakodolea macho miaka jela, mpaka kesi ilipopigiwa kelele nchi nzima na waendesha mashtaka wakapewa maelekezo mapya mwaka 2014. Gavana Christie akamsamehe mwaka 2015. Kabla yake alikuwepo Brian Aitken, aliyekuwa anahamisha vitu vyake kutoka Colorado, bastola zikiwa kwenye buti la gari. Mwaka 2010 alihukumiwa miaka 7, na gavana huyohuyo akamfupishia adhabu Desemba ya mwaka huohuo.

Sasa angalieni jambo ambalo kelele zile hazikuligusa. Allen na Aitken ni Wamarekani. Baada ya msamaha walirudi nyumbani kwao. Sheria ya uhamiaji ya serikali kuu inasema mgeni yeyote, hata mwenye grini kadi ya miaka 20, akitiwa hatiani kwa kosa la kumiliki au kubeba silaha kinyume cha sheria, anaweza kufukuzwa nchini. Haiulizi kama ulimdhuru mtu, haiulizi una watoto wangapi waliozaliwa hapa. Kwa hiyo kosa lile ambalo kwa jirani yangu Mwairishi ni kesi ya wakili na usingizi kupotea, kwa yule kijana ni safari ya bila kurudi, mke na watoto wamebaki huku. Hiyo ndiyo tofauti, na hakuna anayeiandika kwenye lile bango la "Karibu New Jersey".

Tulitoa risasi, tukaifunga bastola kwenye mkoba, mkoba ukaingia kwenye buti, risasi mbali nayo. Nikamwambia ondoka sasa hivi, endesha polepole, taa zote ziwake, usisimame. Nikamfuata nyuma na gari langu mpaka nilipomwona ameshaingia darajani. Haikuwa halali kamili hata hivyo, najua, lakini kila njia tuliyokuwa nayo pale ilikuwa na kosa ndani yake. Biriani lake alifungiwa kwenye foili.

Niliporudi ukumbini na kuwasimulia watu wawili watatu, nilipata majibu ya aina mbili, na yote yalinikera. La kwanza: "Si ndiyo maana tunawaambia tuhamie Texas, kule mtu ana uhuru wake." La pili: "Dawa yake ni kutokuwa na silaha kabisa, basi."

Nianze na wa Texas. Mimi sikimbii sheria kali. Nilipoomba kadi ya mnunuzi wa silaha nilichukuliwa alama za vidole zote kumi, nikaandika wadhamini wawili, nikatia sahihi kuruhusu wachungulie kama nimewahi kutibiwa maradhi ya akili, kisha nikasubiri kituo cha polisi cha mji wangu mwezi, ukawa miwili, ukawa mitatu. Ada ya kadi ilikuwa dola 5. Desemba mwaka 2022 wakaipandisha ikawa 50, na kibali cha kununulia bastola kikatoka dola 2 hadi 25. Mwaka 2018 wakashusha magazini kutoka risasi 15 hadi 10, wakatupa siku 180, nami nikapeleka yangu kwa fundi akazipigia ribiti zisiweze kushika zaidi ya 10. Kama mhandisi nilicheka kidogo kuona sera ya jimbo zima inashikiliwa na ribiti moja, lakini nililipa na nikaenda zangu. Haya yote ni usumbufu, na usumbufu si dhuluma. New Jersey ni miongoni mwa majimbo yenye vifo vichache zaidi vya bunduki ukilinganisha na idadi ya watu. Nimelea watoto humu. Sitajifanya sijafaidika.

Na huyu wa pili, anayesema tusiwe nazo kabisa, amechelewa. Zipo. Madereva wetu wanazo, wenye maduka wanazo, walinzi wa usiku wanazo. Tofauti ni kwamba wazungu huzizungumza na sisi tunazificha kama mke wa pili, na mtu anayeficha kitu hawezi kuuliza namna ya kukitunza.

Ugomvi wangu na sheria hii ni mwingine. Ni mahali ilipoweka macho yake.

Jumamosi nikienda uwanja wa shabaha, safari yangu nzima imeandikwa. Silaha haina risasi, imefungwa kwenye kasha au kwenye buti, na natakiwa nitoke nyumbani niende uwanjani nirudi nyumbani, nisipinde njia ila pale inapobidi. Inapobidi maana yake nini? Miaka mingi hakuna aliyejua. Mwaka 2017 ndipo zikatoka kanuni zilizotaja: kununua mafuta, chakula, dawa, kwenda choo, kupakia au kushusha abiria, kukwepa foleni, kukabili dharura. Nashukuru, sasa naweza kununua maziwa. Lakini Jumamosi moja narudi nikapigiwa simu kwamba mzee wetu mmoja amefariki na janaza inasaliwa adhuhuri, msikiti wenyewe uko dakika tano kutoka pale nilipo. Janaza haimo kwenye orodha. Labda hakimu angesema ni dharura, labda angesema maiti hana haraka. Sikutaka kuwa mtu wa kwanza kumuuliza. Nikaenda nyumbani dakika 40, nikafungia, nikarudi, nikakuta watu wanakung'uta mchanga mikononi. Mjane wake mpaka leo hajui kwa nini sikusalia.

Hiyo ni silaha iliyofungwa, haina risasi, mwenye nayo amechunguzwa mpaka kichwa chake. Sasa twende kwenye silaha ambayo haikufungwa.

Miaka kadhaa nyuma nilikwenda kwa ndugu yetu mmoja kumtengenezea tanuri la kupashia nyumba moto. Tuko sebuleni na chai, mwanawe wa miaka saba akanishika mkono: "Babu njoo, nikuonyeshe kitu cha baba." Juu ya kabati la nguo, chini ya blanketi, bastola. Mtoto anajua ilipo, anajua kiti cha kupandia. Baba yake akacheka kwa aibu, akasema, "Ah, huyu haigusi, nimemkataza." Ndugu zangu, mimi hulipwa mshahara kwa kutoamini neno hilo. Mashine ya kukatia bati kiwandani kwetu haiendi kama mlango wa kinga uko wazi. Hatumwambii mfanyakazi "usitie mkono" tukaenda zetu. Tunajua siku moja atatia, kwa sababu amechoka au amesahau. Kinga huwekwa pale mkono unapofika.

Na sheria niliyoikuta nilipopata kadi yangu ilisemaje juu ya kabati lile? Kama mtoto wa chini ya miaka 16 angeifikia silaha yenye risasi, baba alikuwa na kosa dogo, la namna ya mahakama za mji, kifungo kisichozidi miezi sita. Yaani bastola tupu kwenye mkoba usiostahili, barabarani, miaka 5 hadi 10. Bastola yenye risasi mkononi mwa mtoto, miezi sita. Na kama nyumbani hapana mtoto, kifungu hicho hakikuwa na la kusema. Sijui ni mhandisi gani angechora mashine namna hii.

Halafu tukumbuke wanaokufa ni akina nani. Mwaka 2021 watu 48,830 walikufa kwa bunduki Marekani, na katika hao 26,328 walijiua wenyewe. Zaidi ya nusu. Hao hawakufia kwenye daraja la Delaware. Sisi tunaoishi mbali na mama zetu, tunaofanya kazi za usiku, tunaosema "niko poa" mpaka siku ya kuzikwa, tunajua kwamba mtu anaweza kuwa na saa moja mbaya. Kufuli humpa mtu ile saa ipite. Massachusetts waliliona hili: tangu mwaka 1998 kila mwenye silaha ambayo hayuko nayo mwenyewe lazima iwe imefungiwa au ina kufuli, awe na mtoto au asiwe naye. Wapiga shabaha wa kule bado wanapiga shabaha.

Basi nataka sheria iwe kali zaidi chumbani kwangu. Waje wakague kasha langu kila wanapohuisha kadi, nitawapikia chai. Na nataka wamtoe kwenye kundi la majambazi yule aliyevuka mto na leseni halali ya jirani, ambaye hakumtisha mtu wala kumwibia. Mtoze faini, mnyang'anye hiyo bastola mwaka mzima, mpeleke darasani. Usimpe kosa litakalomfuta nchini.

Na kwenu viongozi wa jumuiya zetu: kila mkutano wa mwaka tunatumia saa tatu kujadili michango ya misiba na nani hakurudisha masufuria. Mwaka huu mpeni wakili mmoja wa uhamiaji dakika 20 azungumze habari ya silaha. Awaambie vijana kwamba mwanafunzi na mgeni mwenye viza ya muda kwa kawaida haruhusiwi hata kuishika, duka likimuuzia au lisimuuzie. Awaambie mpaka wa jimbo uko wapi.

Kasha langu lilinigharimu chini ya dola 200. Anayetaka kuliona aje Jumapili yoyote. Bastola imo humo. Risasi ziko kwenye kasha jingine, na ufunguo wa hilo la pili sijui uko wapi. Uko kwa mama watoto, nami kila Jumamosi humwomba.