Alupe, foleni ya Malaba na nakala moja ya data

Hapa Kakamega mvua ya jioni imekuja na stima imepotea kama kawaida, kwa hiyo naandika haya kwa betri iliyobaki kwenye laptopu. Leo sitaongea juu ya simu mpya wala programu mpya. Nataka tuongee kuhusu maabara. Nina maabara moja hasa akilini, iliyo chini ya kilomita 100 kutoka hapa nilipoketi, na nataka kueleza kwa nini nadhani nchi zetu za Afrika Mashariki zinajaribu tena jambo zuri bila kurekebisha kosa la zamani.

Ukitoka hapa mjini upite Mumias hadi Busia, utapata mahali panapoitwa Alupe, karibu kabisa na mpaka wa Uganda. Siku hizi watu wanapajua kwa sababu ya chuo kikuu na kituo cha KEMRI. Wachache wanajua kwamba kituo kile cha utafiti hakikuanza kama mali ya Kenya peke yake. Kilikuwa kituo cha utafiti wa ukoma cha Afrika Mashariki nzima.

Na hakikuwa peke yake. Wakati ule utafiti uligawanywa kama familia inavyogawa kazi za nyumbani. Virusi vilichunguzwa Entebbe, malaria Amani kwenye milima ya Usambara, malale Tororo. Samaki wa maji baridi walikuwa na kituo chao Jinja, samaki wa bahari Zanzibar. Kilimo, misitu na magonjwa ya mifugo vilikuwa Muguga nje kidogo ya Nairobi, dawa za kuua wadudu Arusha, ukoma Alupe. Hakuna nchi iliyokuwa na vyote na hakuna iliyokosa kabisa.

Labda utasema hizo ni hadithi za wazee. Hebu tuangalie kazi iliyofanyika.

Mwaka 1952 ulizuka ugonjwa wa ajabu huko Newala, kusini mwa Tanganyika. Watu walipata homa kali na maumivu ya viungo mpaka wakashindwa kunyooka. Wamakonde wakauita kwa neno la lugha yao linalomaanisha kujikunja, na ndilo jina ambalo leo dunia nzima inalitumia: chikungunya. Mwaka 1953 kirusi chenyewe kilipatikana katika sampuli za wagonjwa, na kazi hiyo ilifanywa na maabara ya Entebbe, nchi nyingine kabisa. Tanganyika haikulazimika kwanza kujenga maabara yake ya virusi ndipo wagonjwa wa Newala wajulikane wana nini.

Mfano wa pili naupenda zaidi. Zamani mgonjwa wa kifua kikuu alitibiwa kwa mwaka mmoja na nusu au zaidi, na wengi waliacha dawa katikati. Watafiti wa Afrika Mashariki wakishirikiana na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza walifanya majaribio katika hospitali za Kenya, Uganda, Tanzania na pia Zambia, na mwaka 1972 wakaonyesha kwamba miezi 6 inaweza kutosha ukitumia dawa zinazofaa. Mgonjwa anayekwenda leo hospitali hapa Kakamega akaambiwa atameza dawa kwa miezi 6 anafaidi kazi ile. Siri yake haikuwa mashine za ajabu. Hospitali nyingi za nchi mbalimbali zilifuata utaratibu mmoja na kuandika matokeo kwa namna moja. Sisi watu wa programu tungesema walikuwa na itifaki moja na muundo mmoja wa data.

Basi kilitokea nini?

Kwa wale wasiojua, Jumuiya ya kwanza ya Afrika Mashariki iliundwa kwa mkataba wa 1967 ikavunjika 1977. Sababu mnazifahamu: Amin alipindua serikali Uganda mwaka 1971 na Nyerere akakataa kuketi naye meza moja, Kenya na Tanzania zikagombana juu ya reli na ndege, na kila mmoja akaona mwenzake anafaidi zaidi. Tusisahau pia kwamba vingi vya vituo hivyo viliundwa na wakoloni, hakuna mwananchi aliyeulizwa. Tulirithi nyumba ya pamoja bila kukaa chini tukubaliane kanuni za kuishi humo.

Ilipovunjika, kila kituo kikabaki kwa nchi ambayo ardhi yake kilisimama juu yake. Alupe na Muguga vikawa vya Kenya, Entebbe, Tororo na Jinja vya Uganda, Amani, Arusha na Zanzibar vya Tanzania. Kila nchi ikaanza kujenga upya ilichokosa. KEMRI yetu na taasisi ya Tanzania ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, NIMR, zote zilianzishwa na sheria za 1979. Kugawana mali kulichukua miaka 7. Msuluhishi kutoka Uswisi, Victor Umbricht, alihangaika mpaka 1984 ndipo mkataba ukatiwa sahihi Arusha: Kenya asilimia 42, Tanzania 32, Uganda 26.

Unaweza kugawa mabehewa na madeni kwa asilimia. Sasa niambie, utagawaje rekodi za utafiti? Asilimia 26 ya daftari la maabara inamsaidia nani?

Naliuliza kwa uchungu kidogo kwa sababu limenipata. Nilipokuwa mpya kazini, tulitengeneza mfumo pamoja na kampuni nyingine ndogo. Seva ilikuwa kwao, sisi tukaandika nusu ya msimbo. Makubaliano yalikuwa ya mdomo, tulikuwa marafiki. Baada ya mwaka wakubwa wakakosana kuhusu pesa. Asubuhi moja nikajaribu kuingia kwenye hifadhidata, nenosiri limebadilishwa. Miezi 11 ya kazi, na rekodi za wateja waliotuamini, vyote vilikuwa kwenye chumba ambacho sina ufunguo wake. Sikuwalaumu wale jamaa sana. Nilijilaumu mimi, kwa kuwa nilikuwa na nakala moja tu na haikuwa kwangu.

Hilo ndilo somo langu la leo. Ushirikiano wa maabara hauvunjwi na ugomvi, maana ugomvi upo kila mahali. Unavunjwa na mambo matatu ambayo watu huona aibu kuyaandika wakati bado wanapendana: nani anaamini majibu ya nani, nakala ya data iko wapi, na mmoja akiondoka inakuwaje.

Tuangalie la kwanza. Mwaka 2020 Korona ilipofika, madereva wa malori walijipanga Malaba na Busia kwenye foleni za makumi ya kilomita. Binamu yangu alikuwamo. Alikuwa akinipigia simu usiku, anakula mkate na soda, analala chini ya usukani, hajui atavuka lini. Uganda ilikuwa inapima madereva mpakani, Kenya nayo ina vyeti vyake, na serikali mbili zikachukua wiki kadhaa kuelewana cheti cha nani kinatosha. Unajua sampuli nyingi za upande wa Kenya zilipelekwa wapi? Alupe! Maabara ya kituo kile ambacho zamani kilikuwa cha wote ilitoa majibu ambayo hatima yake ng'ambo ya mpaka ilitegemea mazungumzo ya wanasiasa.

Kisayansi hakukuwa na tatizo kubwa. Kipimo cha PCR ni kilekile Alupe, Entebbe au Dar es Salaam. Mwaka huohuo Jumuiya ilisambaza maabara 9 za kuhamishika kwa nchi 6, kwa fedha za Ujerumani, zikiwa na vifaa vya aina moja. Kilichokosekana ni makubaliano ya kupokea jibu la jirani, pamoja na njia ya kulisafirisha. Hatimaye Jumuiya ilileta mfumo wa kielektroniki wa kufuatilia mizigo na madereva, ambamo jibu lililotolewa nchi moja linaonekana nchi nyingine. Ni programu ya simu na hifadhidata, kitu ambacho vijana wengi wanaosoma hapa wangeweza kukijenga. Lakini kilikuja foleni ikiwa tayari imeshafika vijijini.

Jumuiya ya sasa, iliyozaliwa upya kwa mkataba wa 1999, ina nchi 8. Ina tume ya sayansi na teknolojia Kigali na tume ya utafiti wa afya Bujumbura. Nazipongeza. Pia ipo mifano inayofanya kazi. Ziwa Victoria lina shirika lake la uvuvi lililoundwa 1994, makao yake Jinja, na taasisi za nchi tatu huhesabu wavuvi, mitumbwi na nyavu kwa utaratibu mmoja. Kenya tuna karibu asilimia 6 tu ya ziwa lile. Tukihesabu samaki wetu peke yetu tutakuwa tunahesabu wapita njia. Na ugonjwa hatari wa mahindi ulipogunduliwa Bomet mwaka 2011, ukavuka mpaka haraka, kituo cha kupima mbegu zinazouhimili kilifunguliwa Naivasha 2013 na kinapokea mbegu za kanda nzima. Kwa sisi wa magharibi, ambao bila ugali hatujala, hilo si jambo dogo.

Najua wapo watakaosema kila nchi iwe na yake, ni suala la uhuru na heshima. Wengine watasema Kenya itameza wenzake kwa sababu Nairobi ina mashine nyingi. Hofu hiyo ya pili ina msingi, ndiyo hasa iliyosaidia kuua ile ya kwanza. Lakini maabara ya virusi hatari ni ghali kuiendesha kila mwaka, stima, hewa, vipuri, mafundi, hata kama hakuna mlipuko. Nchi 8 zikijenga 8 zitaishia na majengo 8 yenye mashine zinazosubiri kipuri. Afadhali tatu zinazofanya kazi, kila moja kwenye nchi tofauti na kila moja na utaalamu wake.

Jinsi ya kuishi pamoja inajulikana. CERN, maabara ya fizikia kule Geneva, ilianzishwa 1954 na nchi 12 za Ulaya ambazo baadhi yake zilikuwa zinapigana miaka 9 tu kabla. Kila mwanachama huchangia kulingana na pato lake. Hispania ilijiondoa 1969 ikarudi 1983, na maabara haikufungwa wala kugawanywa, kwa sababu kuondoka kulikuwa kumeandikwa tangu mwanzo. Na pale ndipo Tim Berners-Lee alipobuni wavuti mwaka 1989, ambao CERN iliuachia dunia bure 1993. Haya unayosoma yanakufikia kwa mali ya pamoja iliyotunzwa vizuri.

Kwa hiyo kabla mheshimiwa hajakata utepe wa maabara nyingine ya pamoja, ningependa kuona karatasi yenye mambo manne. Kwanza, maabara zote zitumiwe sampuli zilezile zilizofichwa majina mara kwa mara, majibu yalinganishwe hadharani, na ile inayofaulu jibu lake lipokelewe mipaka yote bila kupima tena. Pili, data ikae nakala tatu katika nchi tatu, muundo mmoja, ikisawazishwa kila usiku, na majina ya wagonjwa yakilindwa. Njia ipo: mitandao ya vyuo vikuu vyetu, KENET ya Kenya, RENU ya Uganda na TERNET ya Tanzania, tayari imeunganishwa kupitia UbuntuNet. Tatu, pesa zitoke kwenye chanzo maalum, maana michango ya wanachama kwa Jumuiya imekuwa ikichelewa mwaka baada ya mwaka. Nne, sheria ya kuondoka: anayetoka atoke na nakala yake, asizime mashine ya wenzake.

Hakuna lolote hapo linalohitaji daktari wa falsafa. La pili na la nne fundi yeyote wa mifumo anayafanya kila siku, na kama hayafanyi ni kwa sababu bado hajapoteza data. Sisi kama Afrika Mashariki tumeshapoteza mara moja. Wale wazee walitengeneza tiba ya miezi 6 kwa karatasi na posta. Sisi tuna nyaya za intaneti chini ya bahari tangu 2009, na bado tuliacha madereva walale barabarani wakisubiri jibu ambalo lilikuwa limeshapatikana.

Betri inasema asilimia 9. Siku nyingine ukipita Busia, chungulia pale Alupe, kisha niambie kama unaona mpaka. Ni hayo tu kwa leo. Hifadhini kazi zenu, na si kwenye mashine moja.