Msimbo chanzo si mzigo wa kutupwa

Leo nimeamka na hasira kidogo, mnivumilie.

Juzi nilikuwa nawatayarishia vijana fulani flashi za kusakinisha OpenBSD. Nikawaambia lazima tuweke na msimbo chanzo, yaani programu zenyewe kama zilivyoandikwa, kabla hazijageuzwa kuwa lugha ya mashine. Mmoja akacheka. "Wa nini, mzee? Si uko kwenye mtandao? Unajaza nafasi bure."

Haya, ngoja niwasimulie. Mwishoni mwa 2007 niliitwa kwenye saiba moja mjini Nakuru nigeuze tarakilishi kuukuu iwe lango la kugawia mashine nyingine mtandao. Nilibeba CD tatu za OpenBSD 4.2. Kusakinisha kukaenda vizuri, lakini kadi ya mtandao haikutambuliwa kabisa. Ilikuwa mwigo wa bei rahisi wa kadi za Realtek 8139: chipu ni ileile, nambari ya utambulisho ndiyo tofauti. Draiva hulinganisha nambari ya kadi na orodha yake, na isipoiona humo hupita kama vile hakuna kitu.

Sasa niambie wewe msomaji. Kadi ya mtandao imekataa, na unanituma nikatafute dawa kwenye mtandao! Tena mtandao gani? Nyaya za chini ya bahari zilifika Mombasa mwaka 2009. Kabla ya hapo tulitegemea setilaiti, ghali na ya kukokota miguu.

Ndani ya zile CD kulikuwa na faili moja, src.tar.gz. Nikaifungua, nikaitafuta draiva, nikaongeza nambari ya ile kadi kwenye orodha. Mstari mmoja. Kisha nikakompaili upya keneli, ule moyo wa mfumo, huku mwenye saiba akinitazama kama mganga. Tulikunywa chai mara mbili. Jioni kadi ikaamka.

Na msidhani nafasi ilikuwa tele kwenye zile CD. Vifurushi vya programu vilichaguliwa vichache tu, vingine vyote vikabaki nje. Hata wimbo wa toleo uliwekwa (ndiyo, OpenBSD huwa na wimbo!), lakini msimbo chanzo haukutupwa. Toleo la 6.0, mwaka 2016, ndilo la mwisho kuuzwa kwa CD. Siku hizi faili ya kusakinisha unayoipakua haina src.tar.gz. Iko kando, ujichukulie mwenyewe. Hata hawa ninaowasifu wameniangusha hapo.

Ubuntu nao? CD zao za bure zilizokuja kwa posta hadi 2011 nilizipenda, na nilizigawa sana. CD ni MB 700, kila MB iligombaniwa, kwa hiyo msimbo kukosa nafasi nilielewa. Lakini mwaka 2012, toleo la 12.10, waliruka mpaka wa CD. Toleo la 24.04 lina zaidi ya GB 5. Msimbo wa keneli ya Linux ukibanwa ni kama MB 140 hivi. GB 5 zimepatikana, MB 140 zimekosekana? Tafadhali.

Kuna watakaonitajia leseni. Ni kweli, GPL toleo la 2 inakubali utoe programu pamoja na ahadi ya maandishi kwamba atakayeuomba msimbo atapewa, kwa muda usiopungua miaka mitatu. Sawa, sheria imetimizwa. Mimi pale Nakuru ningeifanyia nini ahadi?

Sidai msimbo wa kila mchezo na kila fonti, huo hautoshei flashi ndogo. Nataka wa keneli na draiva, pamoja na vyombo vya kukompaili. Ni vile vitu ambavyo vikiharibika huwezi kufika mtandaoni kuvitafuta. Na kuna watu ambao mpaka leo bando likiisha ndiyo basi hadi wiki ijayo.

Flashi zangu zimetoka na src.tar.gz na sys.tar.gz ndani. Yule kijana nimempa ya kwanza, na kazi juu: afungue draiva inayoitwa rl, aitafute ile orodha ya kadi, aje anieleze inavyosomwa. Bado namngoja.