Si Kila Aliyenyamaza Anaringa

Wiki hii mambo ya mapenzi na mitindo ya nywele tuyape likizo, twende viwandani.

Nyumba ninayopanga hapa Mabibo ina vyumba vitatu vilivyojaa wadada wa kiwandani, wametoka Singida, Iringa na kwingine. Wanalala wanne wanne. Wa shifti ya usiku akirudi anakuta godoro bado lina joto la anayetoka. Mmoja wao, wa Kasulu, alikuwa kinara wa stori pale uani. Ghafla akawa kimya. Hali, hacheki, anakaa kizingitini na ndoo yake ya maji mpaka jua linamkuta. Majirani hawakukawia. Huyu kasema anaringa kwa kuwa kapata bwana, yule kasema karogwa na wenzake wa mashine moja. Mama mwenye nyumba akapiga muhuri: "Huyu wa Mirembe."

Mirembe ni hospitali jamani, iko Dodoma toka enzi za Mwingereza, inatibu watu na watu wanapona. Sisi tumeigeuza tusi, halafu tunashangaa mtu akizidiwa na mawazo hasemi.

Mie nikamfuata nikakaa naye. Kumbe ni shifti ya usiku, saa kumi na mbili, siku sita kwa wiki. Analipwa kwa kutwa, akiumwa hana chake. Mchana bati linachemka, watoto wanacheza rede dirishani, jirani kafungulia redio. "Nikifumba macho nasikia mashine," akaniambia. Nyumbani wanajua yuko ofisini. Mwisho wa mwezi simu haikauki: bati, ada ya mdogo wake, dawa ya bibi. Mwezi aliotuma nusu, mama yake alimwambia amekuwa mtu wa mjini. Akanyamaza kidogo, kisha akasema siku hizi akivuka Barabara ya Mandela hajali kama gari linakuja.

Utani ukaisha. Nikamuuliza wazi kama anafikiria kufa. Wengi wetu tunaogopa swali hilo, tukidhani utamtia mtu wazo, lakini wataalamu wanasema sivyo, kuulizwa kunampa nafasi ya kusema. Akalia, akasema ndiyo. Usiku ule hakuachwa peke yake, na asubuhi tukaenda naye zahanati, wakatuandikia rufaa ya Muhimbili, ambako kuna idara ya magonjwa ya akili. Daktari hakumuuliza habari za majini. La kwanza alimuuliza analala saa ngapi.

Usidhani ni ushamba wa Bongo. Mwaka 2010 huko China, hasa Shenzhen, kwenye viwanda vya Foxconn wanaounganisha simu za iPhone, wafanyakazi wasiopungua 14 walijiua mwaka huo mmoja. Wengi hata miaka 25 hawajafika, wametoka vijijini, wanalala mabwenini na watu wasiojuana majina. Kule uandikishaji wa kijijini kwako unakufuata, hivyo mjini unabaki mgeni hata kwenye shule na matibabu. Kampuni ikatundika nyavu kwenye majengo, ikaita watawa wa Kibudha, ikaweka simu ya ushauri. Juni ikapandisha mshahara wa kuanzia kutoka yuan 900 hadi 1,200. Lakini mwezi mmoja kabla, wanasosholojia tisa wa Kichina walikuwa wameshaandika barua ya wazi kwamba tatizo ni maisha yenyewe wanayopewa vijana hawa. Mie nawaunga mkono. Wavu haumpi mtu usingizi.

Na hapa kwetu sheria ipo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida zisizidi 45 kwa wiki, na ovataimu isizidi saa 50 kwa wiki nne. Kila saa ya usiku, kuanzia saa 2 usiku hadi saa 12 asubuhi, ina nyongeza isiyopungua asilimia 5. Sasa piga hesabu ya dada yetu: 12 mara 6 ni 72. Hata ukitoa saa moja ya kula kila usiku, bado haiingii. Ameomba shifti ya mchana, msimamizi kamwambia asubiri, na huu ni mwezi wa pili anasubiri. Mabosi wanaojali faida tu nao wasikie: Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2022 kwamba sonona na wasiwasi hupoteza siku za kazi bilioni 12 kila mwaka. Hiyo nayo ni hasara, au siyo?

Nanyi wazazi mlioko bara, mnaousoma ukurasa huu ukiwa umefungiwa vitumbua, mwisho wa mwezi mkipiga simu, kabla ya kuulizia hela muulizeni mtoto jana alilala saa ngapi.