Na John Rock je?

Makala imenoga, ila mwandishi kamruka mtu ambaye kwangu ndiye hasa wa kutajwa panapozungumzwa madaktari wa Marekani waliogeukia sheria: John Swett Rock. Mzaliwa wa Salem, mji mdogo wa New Jersey, mwaka 1825. Alifundisha shule, akatibu meno, na 1852 akapata shahada ya udaktari. Boston aliwatibu watumwa waliotoroka Kusini, na jukwaani aliupinga utumwa waziwazi.

Maradhi ndiyo yaliyomtoa kwenye tiba. Mwaka 1858 alitaka kwenda Ufaransa kutibiwa, Washington ikamnyima pasipoti. Mwaka mmoja nyuma Mahakama ya Juu chini ya Jaji Taney ilishaamua, katika kesi ya Dred Scott, kwamba Mweusi hawezi kuwa raia. Jimbo la Massachusetts likampa pasipoti yake lenyewe. (Jimbo kutoa pasipoti, jamani!) Aliporudi akaingia kwenye sheria, na tarehe 1 Februari 1865 akapokelewa kuwa wakili wa mahakama ileile, Mweusi wa kwanza. Taney alikuwa amekufa miezi michache tu kabla. Rock naye hakudumu: kifua kikuu kilimwondoa Desemba 1866, akiwa na miaka 41.