Masurufu Yasipimwe kwa Ndege



Kutoka uwanja wa ndege wa Hola mpaka ule wa Manda, Lamu, ni kama kilomita 130 angani. Ndege ndogo iendayo kilomita 250 kwa saa hufika kwa nusu saa hivi. Lakini fundi wa Kinakomba akitumwa Lamu hapandi ndege, na reli huku haipo. Hupanda gari mpaka Garsen, kisha Mokowe, kisha mashua: kilomita 200 hivi. Novemba 2023 mafuriko yaliikata barabara ya Garsen na Lamu. Tajiri akipima safari kwa rula juu ya ramani, atupunja. Tudai masurufu ya njia tuipitayo, na saa za kungoja zihesabiwe kazi.

Umoja ni nguvu.