Barua Pepe Haijafa, Ni Nyinyi Mnaotaka Kuizika

Haya, leo nina neno na waundaji programu wenzangu, hasa nyinyi mnaopenda kusema kwamba barua pepe ni ya wazee.

Majuzi niliitwa na chama kidogo cha wafugaji wa ng'ombe wa maziwa huku upande wa Njoro. Katibu wao ni mama wa makamo, mwepesi wa akili kuliko wengi wetu. Kila bei inapobadilika, au gari la kukusanya maziwa linapochelewa, yeye huandika tangazo lile lile mara nne: Facebook, WhatsApp, tovuti yao, kisha SMS. Mwezi uliopita alisahihisha tarehe ya mkutano mahali patatu akasahau pa nne. Watu wakapanda bodaboda kutoka mbali, wakakuta ukumbi umefungwa. Na fundi aliyenitangulia alikuwa amewashauri nini? Watengenezewe programu ya simu! Kila mkulima aipakue, ajisajili, akumbuke neno la siri. Jamani, mama anataka kuandika mara moja tu.

Jambo hili lilishatatuliwa zamani. Mwaka wa 2008 ilizinduliwa Posterous. Ulituma barua pepe kwenye anwani moja, kichwa cha barua kikawa kichwa cha makala, picha ulizoambatisha zikajipanga zenyewe, kisha nakala zikaenda Twitter, Facebook, Flickr, hata kwenye blogu yako ya Blogger au WordPress. Kulikuwa pia na Ping.fm, iliyofanya kazi ya aina hiyo. Machi 2012 Twitter ikainunua Posterous, na tarehe 30 Aprili 2013 ikazimwa. Wenye blogu waliambiwa wapakue maandishi yao waondoke. Kilichokufa hapo ni kampuni. Barua pepe ilibaki pale pale, kwa sababu haina mwenyewe wa kuiuza.

Mwaka ule ule wa 2012 dunia nzima ilikuwa ikisoma habari za jirani yetu, Chifu Francis Kariuki wa Lanet Umoja hapa Nakuru. Alipigiwa simu saa kumi alfajiri kwamba wezi wamevamia nyumba ya mwalimu. Akaandika Twitter, na katika dakika chache wanakijiji wakakusanyika nje ya nyumba ile, wezi wakatoroka. Wengi wao hawakuwa na simu za kisasa. Maneno ya chifu yaliwafikia kama SMS. Hata kondoo akipotea, chifu alitangaza. Aliandika mara moja, kila mtu akapokea kwa simu aliyo nayo. Chifu alifariki mwaka wa 2021. Huduma yenyewe ilikuwa imemtangulia: Aprili 2020 Twitter iliacha kutuma ujumbe wake kwa SMS katika nchi nyingi.

Sasa mniambie, ni nani hapo aliyepitwa na wakati?

Najua mtasema usalama. Ni kweli, mtu anaweza kughushi jina la mtumaji, na mtoto wa darasa la nane akijifunza kidogo ataweza. Ndiyo maana anwani ya kupokelea inakuwa ya siri, programu inakagua sahihi ya seva iliyotuma, na tangazo halitoki mpaka mama ajibu barua ya kuthibitisha. Mtasema pia kwamba kila mtandao una tabia zake. Hapo nawakubalia. Zile nakala za zamani zilizokatwa kwenye herufi ya 140 katikati ya neno zilikuwa aibu. Basi tuma muhtasari mfupi na kiungo, habari kamili ibaki kwenye tovuti yao wenyewe.

Na hilo la tovuti ndilo mnalolikwepa. Agosti 2018 Facebook ilizuia programu za nje kuandika kwenye kurasa za watu binafsi. Mwaka wa 2023 Twitter, ambayo siku hizi ni X, ikafunga mlango wa bure ambao programu nyingi zilikuwa zikiutumia. Anayeandika kwanza kwenye mitandao hii kisha akanakili kwake amejenga nyumba kwenye shamba la kukodi.

Halafu kuna mambo ya mtandao wetu. Ukishuka kuelekea Subukia simu yangu hupoteza mawimbi mara kwa mara. Fomu ya kwenye kivinjari hapo hupotea na kila ulichoandika. Barua pepe hukaa kwenye kisanduku cha kutoka, ikisubiri. Hata seva inayopokea ikiwa imelala, seva inayotuma hujaribu tena na tena, kwa kawaida kwa siku kadhaa. Utaratibu huo uliandikwa mwaka wa 1982, kabla wengi wetu hatujazaliwa, na bado unafanya kazi.

Skripti niliyowaandikia wafugaji haifiki mistari 200 ya Python. Inasoma kisanduku kila dakika mbili, inaweka tangazo kwenye tovuti, kisha inapeleka muhtasari kwenye ukurasa wao wa Facebook na kwenye SMS. Kikundi cha WhatsApp bado haikifikii. Humo mama atabandika kiungo kwa mkono, nami sijifanyi nimelimaliza hilo. Jumamosi napanda matatu kwenda kumwonyesha jinsi ya kusahihisha tarehe. Atajibu barua yake mwenyewe tu, na penye tovuti patabadilika. SMS iliyokwisha kutoka hairudi, kwa hiyo hiyo itatoka ya pili.