Ugomvi wa Mirambo na Tabora ulianza 1860

Ukiuliza hapa Ziba kwa nini mtemi Mirambo wa Urambo alipigana na Waarabu wa Tabora, wengi watakujibu kwa neno moja: hongo, yaani malipo ya kupita njia. Hawakosei, ila wanaanzia kisa katikati.

Waarabu waliishi Tabora kwa ridhaa ya mtemi Fundikira wa Unyanyembe. Alipofariki, Mnywa Sere akashika kiti na kuwatoza ushuru wa bidhaa walizoingiza nchini mwake. Ilikuwa haki yake kama mtemi. Wao wakaona wameonewa. Mwaka 1860 wakamtoa kwa bunduki na kumweka Mkasiwa. Mnywa Sere alihangaika porini na wafuasi wake hadi alipouawa 1865.

Sisi tunaamini hapo ndipo imani ilipokufa. Mgeni aliyemng'oa mwenye nyumba mmoja, jirani ataachaje kumwogopa? Mirambo alikuwa jirani huyo. Kwa rugaruga, wapiganaji wake, alikuwa anaikusanya Urambo na nchi za kando yake, na njia ya Ujiji ilipita mlangoni pake. Alipogombana na Mkasiwa, Waarabu wakasimama upande wa mtemi waliyemweka wenyewe.

Mwaka 1871 msafara mmoja wa Waarabu ulizuiwa njiani. Mwandishi Stanley, aliyekuwa Tabora wakati huo, ameandika kwamba Mirambo alidai marobota matano ya nguo, bunduki tano na vipipa vitano vya baruti. Mzozo ukaendelea, mwishowe wakalipa. Kisha wakaambiwa warudi walikotoka, kwani hakuna msafara wa Mwarabu utakaopita tena kwenda Ujiji. Mtu anayetaka hongo tu huchukua mali akafungua njia. Huyu alikuwa anadai kitu kingine: atambuliwe kuwa mwenye nchi.

Waarabu hawakukaa naye kuzungumza. Mwezi Agosti, wakiongozwa na kijana Soud, waliivamia ngome moja ya Mirambo, wakaiteka, wakarudi wamebeba pembe za ndovu na nguo, na watumwa mbele yao. Mirambo aliwavizia kwenye majani marefu kando ya njia. Soud akauawa. Tarehe 22 mwezi huohuo Mirambo aliingia Tabora yenyewe, akamuua Khamis bin Abdullah, mmoja wa wakuu wa Waarabu, na sehemu ya mji ikateketea. Vita viliendelea kwa miaka, na hata askari aliowatuma Sultani Barghash kutoka Unguja hawakummaliza.

Hatumtakasi Mirambo. Vijiji vingi vilichomwa na rugaruga wake, na wapagazi wa Kinyamwezi, waliokula kwa mabega yao, waliikuta njia imefungwa. Lakini tunawaomba walimu wetu wa historia wasianzie mwaka 1871. Na mgeni anayepelekwa Kwihara kuliona tembe alimokaa mpelelezi Livingstone asirudi bila kusimuliwa habari za Mnywa Sere, mtemi aliyefukuzwa kwenye kiti chake kwa sababu ya kudai ushuru.